Kiki Tatu za Alfajiri

Amida binti Kasimu hakupenda kuitwa fundi wa pikipiki. Mafundi wa pikipiki, alisema, ni wale wa kando ya barabara wanaobadilisha minyororo ya hizi mpya mpya huku injini bado inanguruma. Yeye kazi yake ilikuwa kuamsha zilizolala. Katika kibanda chake kule Kamalondo, mtaa wa mji wa migodi huko Katanga, chenye harufu ya grisi iliyochanganyika na ubani, watu walimletea mashine walizoachiwa na baba zao, wazee wa mgodi na wa reli: pikipiki za Kibelgiji na za Kiingereza, zenye silinda moja nene na taa kama jicho la ng'ombe, zilizokaa miaka nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye kiti.

Ufundi aliupata kwa baba yake, mzee Kasimu, aliyeshuka kutoka Maniema akiwa na sanduku la spana na msahafu mmoja. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume, na hakuona sababu ya kumsubiri. Amida alipotimiza miaka tisa alikuwa tayari anazibua kabureta kwa uzi mmoja wa waya wa breki. Sasa alikuwa na arobaini na saba. Mumewe alikwenda Kolwezi kutafuta maisha, akayapata, pamoja na mke mwingine. Amida hakumfuata. Alibaki na kibanda chake na tabia ya kuongea na vyuma akiwa peke yake.

Pikipiki iliyolala ina magonjwa yake, na Amida aliyajua yote. Petroli huganda ikawa kama gundi. Mafuta ya injini hushuka yote tumboni. Sahani za klachi hushikana. Magineto, kile kijumba kinachozaa cheche, hunywa unyevu wa mvua nyingi na kusahau kazi yake. Halafu mtu anakuja kuiwasha asubuhi ya Juni, wakati wa baridi, wakati maji ya ndoo yanauma vidole, na injini inakataa, na jirani anaanza kusema kuna mkono wa mtu.

"Chuma haina siri," Amida alikuwa akiwaambia. "Inasema yote. Ni siye tunakawia kusikia."

Alikuwa akilisema neno hilo tangu ujana, na alikuwa akiliamini, mpaka mwezi Juni wa mwaka juzi, David alipokuja kusimama mlangoni kwake.

David alikuwa karani katika mgodi wa Kinsevere, mtu mpole wa miaka arobaini, shati limepigwa pasi. "Yaya Amida," alisema, kwa heshima ya kumwita dada mkubwa, "kuko pikipiki ya papa, kule Katuba, kwa mama. Kuko enjenyeri mumoja anaitaka. Lakini anataka ikuwe inawaka."

"Inalala tangu wakati gani?"

"Tangu papa alikufa. Miaka kumi na moja."

"Na mama anasema nini?"

David aliangalia viatu vyake. "Mama hapende bantu baingie mule ndani. Lakini nilimuambia tayari."

Mama yake, Albertine, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mshonaji wa sare za shule. Alimpokea Amida kwa heshima, akampa kiti, akampa chai, kisha akatoa ufunguo kwenye fundo la kitenge chake na kuuweka mezani badala ya kumpa mkononi. Ghala lenyewe lilikuwa nyuma ya uwanja: kuta za matofali ya kuchoma, bati, dirisha moja lililozibwa kwa mbao, sakafu ya udongo.

"Mi siingiake mule," Albertine alisema. "Wewe ingia tu."

Pikipiki ilikuwa ya Kibelgiji, ya miaka ya hamsini, silinda moja. Vumbi jekundu la Katanga lilikuwa limeifunika yote, tangi, taa, matairi yaliyokwisha upepo, nene kiasi cha kuandikwa jina. Amida aliizunguka mara mbili bila kugusa kitu, kama baba yake alivyomfundisha. Katika mzunguko wa pili akaona jambo akasimama.

Ile kanyagio ya kiki, ile ya kuwashia, ilikuwa safi. Mpira wake ulikuwa unang'aa, umelika katikati, kama wa pikipiki ya kazi inayokanyagwa kila siku. Na upande wa pili, chini, palikuwa na kishimo kwenye udongo, laini, chenye umbo la soli. Ndipo mtu anapoweka mguu wa kushoto anaposimama kupiga kiki.

Alifikiri: David amejaribu kuiwasha. Akaendelea na kazi.

Siku hiyo alimwaga petroli ya zamani, iliyotoka kahawia na kunuka kama rangi ya mbao. Akazibua kabureta, akaachanisha klachi, akabadilisha buji, yaani ile plagi ya cheche, akakausha magineto kwa kitambaa na pumzi yake mwenyewe. Jioni alipiga kiki. Hakuna. Akachomoa buji, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akapiga tena huku anatazama. Hata cheche moja ya kusingizia haikutokea.

Wakati wa kurudisha ufunguo alimwuliza Albertine kama David amekuwa akiijaribu.

"David? Hajue hata kupanda kinga," alisema Albertine, na kinga kwa watu wa huko ni baiskeli. Mashine yake ya kushonea ilikuwa imesimama katikati ya mshono. "Uliona kile kikanyagio," alisema.

"Niliona, mama."

"Basi ukuje asubuhi. Mbele jua haijatoka. Ukuje usikie, maana mi nikisema, David anasemaka niko naota."

Amida alikwenda. Alisali alfajiri kwake, akavaa sweta mbili, akapanda pikipiki yake ndogo na kukata mji uliokuwa bado mweupe kwa moshi wa makaa na baridi. Albertine alikuwa amesimama uwanjani, shali kichwani, rozari mkononi, mbali na ghala, kama mtu anayesubiri basi ambalo hataki kulipanda. Mlango wa ghala ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye fundo la kitenge.

Walisimama. Jogoo wa jirani aliwika, akanyamaza. Kisha ndani ya ghala kitu kikasema *klak*.

Amida aliijua sauti hiyo kuliko anavyoijua sauti yake mwenyewe. Ilikuwa kiki ikikanyagwa mpaka chini, pistoni ikisukuma hewa, kanyagio ikirudi juu na kugonga kizuizi chake. Baada yake kimya cha pumzi moja. *Klak*. Kimya. *Klak*. Kisha kimya kirefu zaidi, cha mtu anayejifuta uso na kufikiri. Kisha tena tatu.

Alisogea. Hakujua kwa nini alisogea, miguu ilimtangulia. Aliweka jicho kwenye ufa wa mlango. Mwanga wa kwanza ulikuwa unaingia kwenye tundu za bati, na ndani yake aliiona kanyagio ikishuka, polepole mwanzo, kama mtu anayetafuta mahali injini inapokaza, halafu kwa nguvu. Ikapanda. Pikipiki yote ilitikisika kidogo kwenye stendi yake. Juu yake hapakuwa na mtu. Pembeni yake hapakuwa na mtu. Katika kile kishimo cha udongo tu, vumbi lilikuwa linabonyea na kuinuka.

"Audhu billahi," alisema Amida, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ulipokutana na mkono wa Albertine.

Ilidumu karibu saa nzima. Jua lilipogusa bati, ikaacha.

"Kila mwaka," alisema Albertine, "kuanzia mwanzo ya Juni mpaka baridi inaisha. Miaka kumi na moja. Ni namna yake, unajua? Tatu, anapumuzika, tatu. Bwana yangu Symphorien alikuwaka anafanya vile."

Amida alitaka kwenda zake. Aliokota sanduku la spana, akafika mpaka kwenye pikipiki yake, akakaa juu yake bila kuiwasha. Baadaye, alipokuwa akisimulia, alisema hakurudi kwa ujasiri. Alirudi kwa sababu ya jambo dogo. Alikuwa ameiona mashine ile jana, na alijua haina cheche. Mtu yule, au chochote kilichobaki cha mtu yule, alikuwa anapiga kiki miaka kumi na moja mashine isiyo na cheche, na hakuna aliyemwambia. Hilo halivumiliki. Fundi hawezi kuliona hilo akaenda kunywa chai.

Akaomba ufunguo, akaingia. Aligusa silinda, ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. "Samahani, baba," alisema kwa sauti, akihisi ujinga na woga kwa pamoja. "Niko naangalia tu."

Alianza upya. Magineto ilikuwa nzima: alipotoa waya wake na kuweka waya mwingine wa kupimia, cheche ilitokea ya buluu, nono, yenye mlio. Basi moto ulikuwa unazaliwa vizuri na kufia njiani. Akaufuata waya wa zamani kwa kidole, inchi kwa inchi, kutoka kwenye magineto kupanda chini ya tangi, mahali ambapo jicho halifiki. Kidole kikachomwa.

Alifungua tangi, akaliinua. Ndani ya mpira wa waya ilikuwa imechomekwa sindano ya kushonea, imepita mpaka kwenye shaba, na ncha yake ya pili imelala juu ya chuma cha fremu. Kila cheche iliyotoka ilishuka kwenye sindano na kupotelea kwenye chuma. Kwenye tundu la sindano palikuwa bado na kipande cha uzi wa buluu, urefu wa ukucha.

Aliichomoa. Halafu akatoka nje, akaiweka kwenye meza ya cherehani, juu ya sare ya shule ya buluu.

Albertine hakuuliza ni nini. Aliitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekuwa anajua kwamba siku moja atabisha hodi.

"Ni yeye mwenyewe alinionyesha," alisema mwishowe. "Zamani, tukiwa tunapendana muzuri. 'Albertine, ona huu waya. Moto unapitia humu. Ukigusa chuma tu, moto unakufa.' Alikuwa anacheka. Mi nilishika ile neno."

Symphorien alikuwa akitengeneza pampu za maji vijijini, na njia yake kubwa ilikuwa ya Lukafu. Mwanzo alikuwa akienda mara moja kwa mwezi. Kisha mara mbili. Kisha pampu za Lukafu zikawa zinaharibika kila juma, na yeye akawa anarudi na nguo zilizofuliwa.

"Nilitaka abakie siku moja," alisema Albertine. "Siku moja tu, mwana yangu. Nilisema, pikipiki ikikataa, atakaa, atakunywa chai, nitamuuliza. Alipiga kiki saa nzima. Mi niko jikoni nasikia. Baridi ile, na jasho inamutoka. Nilikuwa na maneno yangu tayari mu kinywa. Kisha akatupa ile kofia yake pale, akatoka, akapanda lori ya mahindi. Lori ikaanguka kwa daraja, mbele hata saa tano haijafika."

Mikono yake ilikuwa inanyoosha kitambaa kilichokwisha kunyooka.

Amida alikuwa na maneno mengi, ya Mungu na ya mume wake wa Kolwezi, na akayaacha yote. Alisema tu, "Kesho asubuhi nitaiwekea waya mupya. Mama ukuwe pale."

Alfajiri iliyofuata alimimina nusu lita ya petroli mpya ndani ya tangi, kiasi cha kujaribia tu. Waliingia ghalani wote wawili. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Albertine tangu mumewe afe. Amida alifungua bomba la petroli, akabonyeza kile kitufe cha kabureta mpaka petroli ikalowanisha kidole chake, akarudisha nyuma wenzo wa moto, ule wa kuchelewesha cheche, akafunga hewa nusu. Mambo yote yale ambayo mashine baridi huyahitaji, na ambayo mkono uliokosa nyama huenda hauwezi kuyafanya. Kisha akasogea, akaegemea ukuta, mikono kifuani. Mguu wake hakuusogeza karibu na kanyagio. Hilo aliapa kila alipoulizwa.

Wakasubiri. Pumzi zao zilikuwa zinaonekana.

*Klak*. Injini ikakohoa.

Kimya kilichofuata kilikuwa tofauti na vile vya jana. Kilikuwa kimya cha mtu aliyeshtuka.

*Klak*. Moshi mdogo wa buluu ukatoka bombani.

"Baba David," Albertine alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Ni mimi nilikuzuiya. Ni mimi. Sasa enda."

*Klak*, na injini ikawaka.

Iliwaka kwa mapigo mazito, ya taratibu, ya zile injini za zamani, na vumbi la miaka kumi na moja likaanza kudondoka kwenye tangi kama unga. Ule wenzo wa hewa ukafunguka wenyewe, kidogo kidogo, jinsi mpandaji mzuri anavyoufungua injini inapopata joto. Albertine alikaa chini kwenye udongo. Amida alibaki ukutani akihesabu kichwani mwake: nusu lita, injini imesimama mahali pamoja, haina upepo, baada ya robo saa itakuwa ya moto wa kuunguza, baada ya saa petroli itaisha.

Baada ya robo saa alinyoosha mkono, akakaribia silinda kwa woga wa kuungua. Mapezi ya silinda yalikuwa vuguvugu tu. Upande wa mbele yalikuwa hata ya ubaridi, kama ya mashine inayokimbia, inayopigwa na upepo usoni. Akaweka kiganja mbele ya taa, na upepo ukapita kati ya vidole vyake. Ulikuwa na harufu ya nyasi kavu zilizochomwa. Ghala lilikuwa limefungwa pande zote.

Saa moja ilipita. Saa mbili. Ndege ilishuka kuelekea kiwanja cha Luano, sauti yake ikaja na kuondoka, na injini ikaendelea. Mara nyingine mapigo yalipungua kama kwenye kona, mara yakakaza kama kwenye kilima. Amida alifungua kifuniko cha tangi na kuchungulia: chini palikuwa pakavu. Akakifunga. Hakuchungulia tena.

Ilipokaribia saa tano na nusu, mapigo yakapungua, yakapungua, kama ya mtu anayeingia uwanjani kwa watu na hataki kutimua vumbi. Injini ikazimika yenyewe, kwa upole. Walipoinuka kuangalia, bomba la petroli lilikuwa limefungwa. Amida alikuwa amelifungua kwa mkono wake.

Hakuna aliyesikia kiki tena mule ghalani. Yule enjenyeri wa David alikuja Julai, akaiwasha kwa mguu wake, akafurahi sana, akaondoka nayo nyuma ya pikapu. Albertine hakutoka nje kuiaga.

Mwezi Agosti alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: alipanda lori kwenda Lukafu. Alikaa siku nne. Aliporudi alikwenda moja kwa moja Kamalondo, kibandani kwa Amida, na gunia dogo la maharage kichwani, akakaa juu ya tairi bila kukaribishwa.

"Ule mwanamuke anaitwa Kangwa," alisema. "Ana mutoto wa miaka kumi na mbili. Uso ni wa David, kabisa kabisa."

Amida alizima chuma cha kulehemu.

"Sikumuambia kitu. Nilisema tu mi ni bibi ya ndoa ya Symphorien. Akanipa kiti. Tulikaa. Kisha yeye mwenyewe akaanza kusema. Anasema mwezi wa sita, siku moja ya baridi, saa tano hivi, alisikia pikipiki inaingia mu uwanja yake. Alijua ni ile, maana hakuna ingine inalia vile. Ikazima. Akakimbia kufungua mulango. Hakuna muntu. Harufu ya petroli tu, na vumbi iko inashuka."

Barabarani mtu alikuwa anauza mkate, anaita.

"Miaka kumi na moja," alisema Albertine, "nilikuwa nafikiri, siku atawasha, ataenda kwa Mungu. Au atabakia kwangu." Alicheka kidogo, kicheko kikavu, akafuta jicho kwa ncha ya kitenge. "Kumbe alikuwa na njia yake tu."

"Inakuuma, mama?"

"Inaniuma, ndiyo. Inaniuma." Alifungua gunia, akachota maharage kwa mikono yote miwili. Yalikuwa makubwa, yenye madoa mekundu. "Lakini mi nalala sasa. Na huyu mwanamuke analima muzuri, ona. Lete sufuria, nikugawie."

Amida akaenda kutafuta sufuria.